Waya Nilioulamba

Nililamba waya wa treni mbele ya watu kama mia mbili, wakacheka mpaka kuku wakakimbia uwanjani. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yanayofuata yanatoka kwenye ulimi huo, na ulimi wangu tangu shule haujawahi kuniletea kitu zaidi ya adhabu. Mwalimu wa fizikia aliniandikia kwenye ripoti ya kidato cha nne: "Ana akili, hana breki." Nilidhani ananisifu.

Nafanya kazi Mabatini, kwenye banda la Josephat, fundi wa redio, feni na chochote ambacho mwenyewe ameshakikatia tamaa. Siku moja akaingia dada mmoja amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kofia ngumu kaikumbatia kama mtoto, akauliza kama tunaweza kumtengenezea treni. Josephat akamwangalia kuanzia viatuni.

"Imeharibika wapi?"

"Haijaharibika. Haipo. Nataka ndogo ya mezani, ila isiwe na betri tumboni. Ichukue umeme kwenye waya wa juu, kama ile itakayopita huku."

Huyo ndiye Paskazia, afisa jamii kwenye mradi wa reli. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vilivyo kando ya reli mpya kabla umeme haujawashwa, kuwaeleza watu kwamba waya ule wa juu si kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa na mabango, alikuwa na kipaza sauti, na watu walikuwa wanamsinzilia mbele ya macho yake. Alitaka kitu kinachotembea.

Josephat akanisukumizia mimi. "Bwana mdogo huyu kasoma fizikia," alisema, "na hana kazi nyingine zaidi ya kunisengenya kwa wateja."

Nilikaa na treni ile wiki tatu, na kusema kweli sijawahi kuipenda kazi kama ile. Mwili wake ulikuwa kopo la rangi nililolikata na kulikunja. Mota niliing'oa kwenye deki iliyokufa. Reli zilikuwa nondo mbili nyembamba juu ya ubao wa mita mbili unaokunjwa katikati kwa bawaba. Nguzo zilikuwa spoku za baiskeli, na waya wa juu niliufungua kwenye mota ya pampu iliyoungua, nikaukwangua kwa wembe toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu waya wa mota umepakwa vanishi na usipoukwangua treni inautazama tu. Juu ya paa niliweka mkono wa vyuma vya mwavuli, unaosukumwa na springi ya kalamu. Mahali mkono unapogusa waya nilifunga kijiti cheusi cha kaboni nilichokitoa katikati ya betri kuukuu ya redio. Umeme ulikuwa unatoka kwenye betri ya pikipiki, volti kumi na mbili, unapita kwenye waya, unashuka kwa mkono, unazungusha mota, kisha unarudi nyumbani kupitia magurudumu na reli.

Mara ya kwanza niliunyoosha waya ukanyooka kama mstari wa daftari. Nikajisifu siku nzima. Kesho yake waya ulikuwa umechimba mfereji kwenye kaboni na treni imenasa katikati ya safari. Paskazia ndiye aliyenionyesha picha kwenye simu yake: waya wa treni ya kweli hauendi moja kwa moja, unakwenda kushoto na kulia, nguzo hadi nguzo, ili kaboni isuguliwe upana wake wote.

"Kumbe wahandisi nao wanatembea kama wametoka kilabuni," nikasema.

Akacheka mpaka akaweka kofia chini. Kisha akasema, "Utakuja na mimi vijijini. Mimi nawalaza, wewe utawaamsha."

Kijiji cha kwanza kilikuwa Mwagulila, ndani ndani upande wa Misungwi. Tulitandika ubao juu ya meza mbili mbele ya ofisi ya kijiji. Paskazia alizungumza robo saa, watu wakapiga miayo kwa adabu. Nilipowasha treni, wote wakasimama. Ilikwenda, ikarudi. Nikachomoa waya kwenye betri, ikasimama. Nikarudisha, ikaondoka. Mwenyekiti wa kijiji aliomba arudiwe mara nne.

Mbele kabisa alikaa mzee mmoja mwenye mabega mapana, miguu imejaa vumbi la mbuzi. Kando yake alikuwa amelaza bomba la maji la chuma, refu kama futi ishirini, limefungwa ndoano mwishoni. Kiangazi nyasi zikiisha, mbuzi wa huko huishi kwa maganda ya mgunga, na kwa bomba lile alikuwa anayavuta matawi na kuyaangusha maganda.

"Kijana," akaniita, "wewe ni wa nani?"

"Malimi. Wa Machibya, wa Magu."

"Machibya yupi? Yule wa pengo?"

"Huyo huyo, babu yangu. Alishafariki."

"Alikuwa mtani wangu. Amekufa hajanijibu tusi langu la mwisho." Akainuka, akanivua kofia kichwani, akaivaa yeye, akarudi kukaa. "Basi nimekurithi wewe. Naitwa Mashimba. Mkeo yuko nyumbani, anapika, ila usimsumbue, ameshazoea wanaume wenye ng'ombe."

Mkeo maana yake bibi, mke wake yeye. Kwetu babu na mjukuu ni watani, na utani una sheria zake. Mtani hasemeshwi kwa unyenyekevu. Akichukua kitu chako hukidai, unangoja siku yako na wewe uchukue chake. Na hakuna mtu mwenye akili anayeshika neno la mtani kama lilivyo. Unaligeuza kwanza uone chini kuna nini. Kwa hiyo nikaiacha kofia yangu iende, na watu wakafurahi, na mimi nikajiona nimefika kwetu.

Ndipo Mzee Mashimba akauliza, "Sasa mjukuu, hili bomba langu likigusa huo waya wenu, itakuwaje?"

Hilo ndilo swali tuliloendea kule. Paskazia alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi nikamwahi.

"Babu, ukiugusa treni itacheka, maana utakuwa umeitekenya kwapa."

Kicheko.

"Mimi nauliza unauma au hauumi."

"Unauma wenye meno. Wewe na Machibya mngepita salama."

Kicheko kikubwa zaidi. Na kwa kuwa sina breki, nikainama juu ya ubao, nikatoa ulimi, nikaulamba waya kutoka nguzo ya kwanza hadi ya tatu, halafu nikalamba midomo kama nimekula asali. Volti kumi na mbili. Hata mate hayakushtuka.

Paskazia alichukua kipaza sauti akasema huu ni wa mfano tu, ule wa kweli unaua. Nakumbuka vizuri kwamba alisema. Nakumbuka pia kwamba hakuna aliyemsikia, kwa sababu watu walikuwa wanauigiza ulimi wangu. Njiani aliniambia, "Malimi, ile haikuwa nzuri," lakini alikuwa bado anatabasamu, na vijiji vitatu vilivyofuata aliniacha niirudie. Watu walikuwa wanakuja wengi. Nililamba waya ule vijiji vinne.

Mwezi ukapita. Jumatano moja Paskazia akaingia bandani bila kubisha hodi, akakaa juu ya stuli ya wateja.

"Yule babu yako amenishinda," akasema.

"Anataka mahari?"

"Kesho saa kumi jioni wanawasha umeme kwenye kipande cha majaribio. Wiki mbili natangaza. Wote wamesikia, hata viziwi wamesikia. Yeye nimemwendea mara tatu. Jana kaniuliza, 'Binti, wewe umewahi kuugusa?' Nikasema sijawahi. Akasema, 'Mjukuu wangu ameulamba. Sasa nimwamini nani, aliyelamba au ambaye hata hajagusa?'"

Nikacheka. Nikaona yeye hacheki, nikaacha.

"Anachungia wapi?" nikauliza.

"Pale reli ilipochimbiwa katikati ya kilima. Migunga imeota ukingoni, juu. Ukisimama pale waya uko chini yako kidogo, na lile bomba linaufikia bila hata kunyoosha mkono. Uzio haujafika upande ule."

"Mwambie mwenyekiti amzuie."

"Mwenyekiti ndiye anayeiga ulimi wako kuliko wote."

Josephat alikuwa anachomelea redio, hakuinua kichwa. "Ule wako ulikuwa volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na ule?"

"Elfu ishirini na tano," akasema Paskazia. "Na si lazima uguse. Ukisogeza chuma karibu, unaruka wenyewe."

Niligawanya kichwani. Hesabu ilikuja haraka, elfu mbili na themanini na kitu, na nikatamani kwa mara ya kwanza maishani niwe mjinga wa hesabu. Nilimwona mzee na kofia yangu kichwani.

"Mimi kesho niko upande wa pili wa kipande," akasema Paskazia. "Siwezi kuwa pote."

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Utamwambia nini?"

Niligeukia rafu ya vitu vya wateja.

Jioni ile nilichukua raketi ya kuulia mbu iliyoachwa na mteja, nikaifungua. Raketi ile inachukua umeme mdogo wa betri na kuukuza mpaka unamlipua mbu. Nikafunga waya wake mmoja kwenye waya wa juu wa ubao wangu na mwingine kwenye reli. Treni lazima uiondoe kwanza, maana ikikaa relini mota inaumeza umeme wote na waya unabaki mpole. Ukiiondoa treni na kubonyeza swichi, waya unang'ata. Niliujaribu, mkono mmoja relini, kidole kimoja juu. Nikarudi nyuma nikapiga kabati la Josephat kwa kisogo.

"Sasa umetengeneza," akasema Josephat.

Alhamisi nilipanda basi Nyegezi, nikashuka, nikachukua bodaboda na ubao wangu mgongoni. Saa nane na nusu nilikuwa ukingoni. Reli ilikuwa chini, mpya, inang'aa, na juu yake waya unakwenda kushoto na kulia kama ule wangu. Mbuzi walikuwa wametawanyika chini ya migunga. Mzee Mashimba alikuwa anavuta matawi, kofia yangu kichwani. Kila alipovuta ndoano upande wa mti, mkia wa bomba uliteremka upande wa reli, ukaning'inia juu ya waya, kisha ukapanda tena.

"Mwadila, babu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Aa. Mwizi wa mke wangu amefika. Bibi yako yuko nyumbani, amekwambia uje mchana?"

"Babu, leo sikuja kwa utani."

"Machibya naye alikuwa anaanza hivyo hivyo."

"Saa kumi wanawasha umeme. Huo waya utaua mtu. Naomba uwaondoe mbuzi hapa na hilo bomba uliweke chini."

"Si uliulamba?"

"Nililamba wa ubao. Ule ulikuwa mdogo."

"Ulimi nao ulikuwa mdogo?" Akavuta tawi, maganda yakamwagika, mbuzi wakakimbilia. Mkia wa bomba ukashuka. Nikafumba macho.

Nikafikiri labda nikimpa heshima kamili ataelewa. Nikainamisha kichwa, mikono nyuma. "Shikamoo, mzee."

Akaniangalia. Halafu kifua chake kikaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa, akashika mti. "Machibya mtupu. Siku moja tu maishani aliniamkia kwa adabu namna hiyo, na jioni yake nilikuta beberu wangu kwake."

Nikaufungua ubao chini ya mgunga. Nikamweleza raketi, nikamweleza kwa nini nimeiondoa treni, nikamweleza volti kama mwalimu alivyonieleza. Alisikiliza kichwa kakiweka upande, kama mtu anayengojea mahali pa kuchekea. Nikabonyeza swichi, nikashika reli kwa kushoto, nikagusa waya kwa kulia. Ulinitupa nikakaa chini, macho yakatoka machozi.

Mzee akapiga makofi. "Unajua kuigiza wewe. Ungekwenda Dar ungekuwa tajiri."

"Njoo uguse mwenyewe."

"Nani, mimi?" Akatikisa kidole. "Mtani akuambie gusa, uguse? Labda umepaka pilipili."

"Basi usiguse. Ila na ule wa juu usiuguse."

"Mtani akuambie usiguse?" Akafurahi zaidi. "Huko nako kuna kitu umeficha."

Nilimpigia mwenyekiti, simu imezimwa. Nilimpigia Paskazia, nikamsikia kwa mbali akiwatangazia watu wengine kwa kipaza sauti, akakata. Nilikaa chini na mzee akaendelea na kazi yake, mti hadi mti, ananisimulia jinsi babu yangu alivyokimbizwa na nyuki akaruka lambo la ng'ombe na suruali. Siku nyingine ningempa yangu mbili kwa hiyo moja. Nilikuwa natazama saa ya simu na mkia wa bomba. Saa tisa na dakika ishirini. Saa tisa na nusu. Mkia unashuka, unapanda. Nilijua kila neno nililonalo limeshatumika. Nilikuwa nimelitumia mwenyewe, mbele ya watu mia mbili, na hapakubaki hata moja ambalo halikuwa na kicheko ndani.

Saa kumi kasoro robo alihamia kwenye mgunga wa mwisho, ule ulioinamia reli. Akainua bomba.

Nikasimama, nikalishika katikati.

"Babu, hili nimechukua."

Hakuliachia. Uso wake ulibadilika kidogo, na mikono ile ya kuchunga ilikuwa na nguvu kuliko yangu. "Unachukua kama mtani au kama mwizi?"

"Kama mtani."

"Sema vizuri."

"Wewe ulichukua kofia yangu, nikanyamaza. Leo ni siku yangu. Nachukua bomba."

Tukatazamana. Ningesema naliondoa kwa ajili ya umeme, angelivuta, tungeng'ang'ania pale ukingoni na futi ishirini za chuma mikononi. Lakini utani una sheria, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja.

"Kama mtani, chukua," akasema. "Kama mwizi ningekuvunja mguu. Lakini bomba ni kubwa kuliko kofia, mjukuu. Halilingani." Akaangaza, akaona ubao wangu chini ya mti na treni kando yake. "Kwa hiyo mimi nachukua treni."

Treni ilikuwa ya Paskazia. Raketi ilikuwa ya mteja. Ningekataa, na bomba lingerudi.

"Chukua," nikasema.

Akaukunja ubao na kuukumbatia, akawapigia mbuzi mluzi, wakaanza kupanda kuelekea nyumbani. Hakuwa na la kufanya pale bila bomba. Mimi nikaliburuta kuondoka ukingoni, nimelilaza chini kabisa kama nyoka aliyekufa, mpaka nilipofika mbali ndipo nikaliweka begani. Saa kumi ikapita nikiwa kwenye mashamba ya pamba. Niligeuka kutazama. Nilitegemea hata mlio, hata cheche. Waya ulikuwa vile vile ulivyokuwa saa tisa, umetulia, unang'aa na jua. Hakuna mtu duniani ambaye angejua kwa kuutazama. Nikakaa kwenye tuta.

Fuso la viazi vitamu ndilo lililonirudisha mjini na bomba langu juu. Halikutosha bandani. Nusu yake ilibaki nje, na Josephat akalifunga kitambaa chekundu ili wapita njia wasijigonge.

Ijumaa asubuhi simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mjukuu."

"Babu."

"Kitu chako kinauma."

Nikaweka bisibisi chini.

"Jana mbele yako niliona aibu kukigusa, ungenicheka mpaka kaburini. Leo alfajiri bibi yako amelala, nikakifungua peke yangu. Mkono mmoja kwenye chuma cha chini, mwingine juu, kama ulivyofanya wewe. Kimenirusha nikamwangukia bibi yako. Mkono mpaka sasa si wangu." Nilimsikia anapumua. "Huko juu ni hivi?"

"Huko juu hakuna kuanguka, babu. Hicho ulichogusa kimetengenezwa kwa ajili ya mbu. Huko juu unaungua umesimama."

Mbuzi walikuwa wanalia nyuma yake.

"Bomba lilikuwa linapita pale siku zote," akasema. "Kila siku. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kama mtani."

Nikalitazama bomba lake lililotokeza nje na kitambaa chake chekundu.

"Uliulamba hapa kwetu tu," akauliza, "au na kwingine?"

"Na kwingine. Vijiji vitatu."

"Huko una mtani?"

"Sina."

"Basi huna wa kumnyang'anya," akasema. "Mwambie yule binti anipitie na gari. Treni sirudishi. Nitaibeba mwenyewe."

Jumamosi tulikwenda kijiji cha pili, Paskazia, mimi na Mzee Mashimba, amekaa kiti cha nyuma na ubao mapajani kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Uwanja ulijaa haraka. Nilichukua kipaza sauti. Nilikuwa nimekariri maneno usiku kucha, mafupi, hayana mzaha hata mmoja. Nikasema, "Ndugu zangu, ule waya una umeme tangu juzi, na unaua."

Wakaanza kucheka kabla sijafika mwisho. Mama mmoja mbele kabisa, mtoto mgongoni, akatoa ulimi wake nje na kunionyesha, akingoja nitoe wangu.

Nikashika reli, nikagusa waya, nikaanguka. Wakapiga makofi.

Nilipoinua kichwa, Mzee Mashimba alikuwa ameshasimama mezani. Hakusema anatoka wapi wala yeye ni nani. Alivua kofia yangu, akaiweka kando. Akashika reli kwa mkono wa kushoto, akakunja mkono wa shati wa kulia polepole, na watu walipoona mtu mzima anakunja mkono wa shati, wakatulia. Akagusa.

Nilisikia mlio mdogo, kama njiti inayovunjika. Mwili wake ulijikunja, goti likapiga meza, akashikwa na Paskazia asianguke. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka. Nilingoja kicheko. Yule mama wa mbele alikuwa amerudisha ulimi ndani, na mkono wake umekwenda nyuma kumshika mtoto.

Paskazia alizungumza dakika kumi na hakuna aliyepiga mwayo.

Tulimkalisha mzee ndani ya gari, mlango wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya goti, naye anautazama kama mbuzi wa jirani. Nilimpelekea maji. Nilikuwa nimeshika kofia, sijui kama ni yake au yangu sasa.

"Vimebaki vingapi?" akauliza.

"Viwili."

Akanywa kidogo. Maji mengine yakamwagikia kidevuni kwa sababu ya mkono. "Uliulamba mara moja kila kijiji?"

"Mara moja moja."

"Angalau," akasema, akafumba macho. "Ngoja nipumzike kidogo. Kisha twende."